Songea Yaitwa Ngome: Ni Ngome ya Nani?

Makarani wenzetu na wanachama wote, liko neno moja lililozoeleka mno masikioni mwetu, hata hatuliulizi tena maana yake. Kila uchaguzi unapokaribia, wasemaji hupanda majukwaani wakatangaza ya kwamba Songea ni ngome ya Chama. Magazeti huliandika. Mtumishi aliyepata uhamisho kutoka Dar es Salaam au Mwanza hulisikia kabla hajafunga mizigo yake: "Songea? Huko ni ngome, huna taabu." Nasi tulio hapa hulichukua neno hilo, tukalitia katika mazungumzo ya ofisini, na mara nyingine, kwa aibu yetu, hata katika taarifa za kazi zenye muhuri wa Serikali. Twalipinga neno hilo leo, wala hatulipingi kwa ajili ya chama kingine. Twalipinga kwa sababu lasingizia watu wa wilaya hii tabia wasiyokuwa nayo, na kwa sababu uwongo huo, kwa sehemu kubwa, umeandikwa kwa kalamu zetu sisi watumishi.

Yafaa kwanza tuulizane ngome ni kitu gani. Ngome ni jengo la vita. Mwenye ngome hukaa ndani pamoja na askari wake na akiba yake, na wenyeji hukaa nje, wakiitazama. Mtu hawezi kuwa ngome; aweza kuwa ndani yake au nje yake tu. Songea iliijua ngome kwa macho yake mwaka 1897, Wajerumani walipoweka Boma hapa. Kabla ya hapo nchi ya Wangoni ilikuwa na dola mbili, Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini, kila moja na nkosi wake na manduna wake, nao hawakuwa watu wa kuamriwa na mgeni. Miaka kama minane baadaye vikaja Vita vya Maji Maji. Nkosi Mputa Gama wa Njelu alinyongwa mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake, alinyongwa. Mkomanile, mwanamke mtawala, alinyongwa. Nkosi Chabruma wa Mshope alivuka mto Ruvuma akafia ugenini. Kila tarehe 27 Februari twakusanyika Mahenge, kwenye Makumbusho, kuwakumbuka mashujaa 67, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo hapo akaomba msamaha.

Basi yule asemaye kwamba watu wa Songea kwa asili yao ni watu wa kutii tu, wasiopenda kubishana na wakubwa, na aende Mahenge asome majina. Huyo hana haja ya kujibiwa na sisi.

Jambo lililo zito zaidi ni lile lililofuata, maana hapo ndipo karani anapoingia. Waingereza walipoichukua nchi, na hasa alipofika Gavana Donald Cameron mwaka 1925, walisema kwamba Mwafrika atawaliwe na watawala wake mwenyewe. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ikatungwa mwaka 1926. Kwa maneno ilikuwa sheria nzuri. Songea yakarudishwa majina ya Njelu na Mshope, nkosi akapewa mshahara, baraza, mahakama na hazina, na karani wa kumwandikia. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Nkosi wa zamani aliogopa manduna wake na watu wake, kwa kuwa wakimchoka waliweza kumhama. Nkosi huyu mpya alimwogopa Bwana Shauri, kwa kuwa mshahara ulitoka Boma na barua ya kumwondoa ingetoka Boma vile vile. Amri zilitoka Boma, zikapita kwa karani, zikasomwa barazani kwa jina la nkosi, kisha ripoti ikaandikwa kwamba wenyeji wamekubali. Je, wenyeji walikubali? Walilipa kodi, na kwa kutafuta fedha za kodi hiyo vijana wa Kingoni na wa Kindendeuli walikwenda kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Ikiwa hayo ndiyo kukubali, basi mfungwa naye hukubali ukuta.

Twayaeleza hayo kwa kuwa desturi ile haikuisha pamoja na bendera ya Waingereza. Desturi ni hii: mwenye madaraka huwekwa na wa juu yake, huwajibika kwa wa juu yake, kisha ukimya wa walio chini huandikwa katika faili kuwa ni ridhaa. Leo Wilaya ya Songea ina halmashauri tatu, yaani Manispaa ya Songea, Halmashauri ya Wilaya ya Songea na Halmashauri ya Madaba. Madiwani wake huchaguliwa. Lakini Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye mafungu, magari na wafanyakazi, huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 yampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda wa saa 48. Mkuu huyo huyo ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya wilaya, na kwa katiba ya Chama Cha Mapinduzi ni mjumbe wa Kamati ya Siasa ya chama hicho wilayani. Hatumtaji mtu awaye yote, wala hatusemi kwamba aliyepo ni mbaya. Twasema kwamba kiti chenyewe kina miguu miwili katika ofisi mbili, na mwanakijiji akikiangalia haoni Serikali yaishia wapi na Chama chaanzia wapi. Akionyesha heshima mbele ya kiti hicho, ni nani awezaye kujua ameiheshimu ipi?

Wako watakaotujibu: "Lakini baada ya Uhuru watu wa Songea walikipenda chama cha TANU kwa moyo wao wote." Ni kweli. Nasi twawaomba wasimame hapo hapo, wasiharakishe, kwa maana kisa kikubwa kuliko vyote vya siasa ya wilaya hii ni kisa cha watu waliokipenda chama hicho kwa moyo wote.

Kiasi cha mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliitikia wito wa Mwalimu Nyerere wa kurudi shambani na kuishi kijamaa, wakaanzisha kijiji cha Litowa, katika wilaya hii. Hawakutumwa na Bwana Shamba, wala hawakupewa trekta la Serikali. Walianza kwa majembe, wakaona njaa, wengine wakaondoka, waliobaki wakashika. Vijiji vingine vikafuata, na mwaka 1963 kikaundwa chama chao cha maendeleo, kiitwacho kwa Kiingereza Ruvuma Development Association. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alikuja na mkewe na watoto wake akakaa nao Litowa kuwa mshauri, si bwana. Kabla ya mwisho vijiji vilikuwa 17. Kila kijiji kilikuwa na mkutano wake, na mkutano huo ulikuwa na nguvu kweli: ndio uliopanga kazi, ndio uliogawa mapato, ndio uliomkanya kiongozi. Wawakilishi wa vijiji walikutana, wakaweka kinu cha kusaga nafaka Songea mjini, na kiwanda cha kupasua mbao. Watoto walisomeshwa Litowa katika shule iliyofundisha kilimo na kuishi pamoja kabla elimu ya kujitegemea haijapewa jina hilo katika waraka wa Serikali. Mwalimu mwenyewe alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alikuwa amekwisha kuiona Litowa na kuisifu.

Hao ndio waliokuwa ngome ya kweli, ikiwa mtu ataka kulitumia neno hilo. Walikuwa wanachama wa TANU, waliimba nyimbo za TANU, walifanya yale TANU iliyoyasema. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama chao. Mali ya pamoja ikachukuliwa, washauri na walimu wakatawanywa, na vijiji vikawekwa chini ya Chama na maofisa wake.

Kwa nini? Hawakuwa wapinzani, kwa maana upinzani haukuwako kisheria tangu mwaka 1965. Hawakuiba. Kosa lao lilikuwa kwamba walijitawala. Ofisa wa mkoa akija na mpango wake, aliambiwa asubiri mkutano wa kijiji uamue. Neno hilo dogo, "subiri tuamue", ndilo lililowachoma wakubwa wa mkoani. Twawaomba makarani vijana, ambao hawakufundishwa habari hizi shuleni, wazifikiri kwa makini. Litowa haiko mbali. Waweza kwenda na kurudi siku moja. Kijiji kilichokuwa mbele ya nchi nzima kwa kutekeleza siasa ya chama tawala kilivunjwa na chama tawala, kwa kuwa kiliitekeleza kwa hiari yake. Tangu hapo kila mzee wa Songea alijifunza ya kwamba kupenda Chama hakutoshi. Ni lazima umpende kwa namna aliyoiamuru yeye aliyetumwa. Wajukuu wa wazee hao ndio tunaowaita leo ngome.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, halmashauri za wilaya zenyewe zilifutwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo hata leo latuchekesha, kwani madaraka yalikwenda kweli mikoani, ila yalichukuliwa kutoka wilayani na vijijini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kwa Songea hilo lilikuwa pigo la pekee. Ngoni-Matengo, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa tumbaku, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1936, na ijapokuwa Serikali ya Waingereza ilikilea na kukisimamia, kilikuwa shule ya watu kuchagua wajumbe, kusoma hesabu na kumwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na ushirika nao mwaka huo huo. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimekua bila diwani na bila mkutano mkuu wa ushirika. Chombo kikikaa miaka kumi bila kutumika hushika kutu, na hao walioona halmashauri zinafutwa kwa kalamu moja na kurudishwa kwa kalamu nyingine walijua vizuri kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Sasa twafika penye mahindi, na hapa twataka kuwatetea wakulima dhidi ya kundi la pili la wasemaji, wale wa mijini, ambao hawasemi "ngome" bali wasema kwamba watu wa Songea wamelala. Hawakulala. Wanapiga hesabu kuliko sisi tunaopokea mshahara.

Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Gunia la mahindi likibebwa njia yote hiyo, nauli hula faida. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilitangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likaja kununua hapa kwa bei ile ile ya mahali palipo karibu na soko. Mbolea iliuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Katika miaka ya 1980 barabara ya lami ya Makambako ikafika. Ndipo Ruvuma ikaingia katika hesabu ya mikoa minne mikubwa ya nafaka, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Kwa maneno mengine, zao hilo la kuuza lilikuzwa hapa kwa bei ya Serikali, barabara ya Serikali na mbolea ya Serikali. Kisha mageuzi ya uchumi yakaja: bei moja ikaondolewa, NMC ikaacha kununua, na ruzuku ya mbolea ikamalizwa mapema katika miaka ya 1990. Mkulima akabaki na shamba kubwa na soko la mbali. Tangu hapo, kila msimu swali lake ni moja: je, Serikali itanunua? Leo mnunuzi huyo aitwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka na magunia yakalala majumbani. Mwaka 2022 ruzuku ya mbolea iliporudi, wakulima walijipanga kuandikishwa.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa jukwaani, "Mkichagua upande mwingine, nani atawanunulia mahindi yenu?", haambiwi siasa, anaambiwa habari ya chakula na karo za watoto. Naye hujibu kwa akili. Ikiwa mwenye ghala ni mmoja, mwenye mbolea ni yeye huyo, na mwenye greda la barabara ni yeye, basi kumpa kura ni kama kumwamkia mwenye duka la pekee kijijini: mtu humwamkia vizuri, awe anampenda au hampendi. Wala hatusemi kwamba hakuna wanaoipenda CCM kwa dhati. Wako, tena wengi. Wako wanaoikumbuka amani, wako wanaomkumbuka Mwalimu, wako ambao hawajaona kwa wapinzani lolote la maana ila magari yapitayo mara moja kila miaka mitano. Tunalosema ni kwamba hakuna mtu awezaye leo kuhesabu ni wangapi wapendao na ni wangapi wahofuo, kwa kuwa mzani wenyewe umeharibiwa.

Na mzani umeharibiwa na nani? Hapa twaomba msomaji asiyapite maneno haya upesi. Mwaka 2014, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vilipata maelfu ya viti vya vijiji na mitaa katika nchi yetu. Mwaka 2019, yaani miaka mitano tu baadaye, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 ilikuwa asilimia 99 tena. Je, mioyo ya watu hugeuka hivyo kwa miaka mitano? La. Jambo lililotokea mwaka 2019 lajulikana. Wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kabla ya siku ya kura, fomu zao zikikataliwa kwa makosa ya kuandika: jina fupi badala ya jina kamili, muhuri, sahihi, tarehe. CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa. Na fomu hizo zilipokelewa na nani, zikakaguliwa na nani, zikapigwa muhuri wa kukataliwa na nani? Uchaguzi ule uko chini ya TAMISEMI, na wasimamizi wake na wasaidizi wao ni watumishi wa halmashauri. Ni sisi, ndugu zangu. Hakuja mtu kutoka mbali.

Sisi twajua jinsi fomu ijazwavyo. Kazi yetu tangu siku za babu zetu ni kumsaidia mtu asiyezoea karatasi aandike sawasawa. Mjane akija na fomu ya mirathi iliyokosewa, karani mwema humwambia, "Mama, hapa andika hivi." Hamfukuzi. Basi ilikuwaje karani huyo huyo, alipoletewa fomu ya mgombea wa kitongoji, akageuka ghafula kuwa hakimu wa nukta na vituo, na kwa upande mmoja tu?

Tunajua majibu yatakayotolewa. "Sisi tuliamriwa." "Nina watoto." "Barua ya uhamisho huandikwa kwa dakika tano." Hatuyacheki majibu hayo. Karani wa mshahara mdogo aliye peke yake katika kata ya mbali hana silaha ya kumpinga Mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Ndiyo sababu tunasema na chama chetu kizima, wala hatumsukumi mtu mmoja mmoja aende kuvunjika.

Tukumbuke ya kwamba jambo hili la karani na siasa si geni kwetu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Kiafrika Tanga, mwaka 1922, Serikali ilikiangalia kwa jicho la wasiwasi. Mwaka 1953, chini ya Gavana Twining, watumishi walikatazwa kuwa wanachama wa TAA, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 katazo hilo likaifuata. Rashid Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika Wilaya ya Songea ya siku zile, alikuwa mmoja wa viongozi wa TAGSA, chama cha watumishi wa Serikali. TFL ilipoundwa mwaka 1955, yeye alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, na ilimlazimu kuuacha utumishi. Wakoloni walisema kwamba mtumishi hawezi kuwatumikia mabwana wawili. Tuliona wazi kwamba walikuwa na hila, kwa kuwa bwana waliyetaka tumtumikie ni wao. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, mlango ulifunguliwa, tukaruhusiwa kuingia TANU. Na baada ya chama kimoja kuwekwa kwa sheria mwaka 1965, mlango uliofunguliwa ukawa mlango ambao ni hatari kukataa kuupita. Tangu tarehe 1 Julai 1992 vyama ni vingi kwa sheria. Lakini ofisini kwetu bado ni mwaka 1965.

Wakili mmoja wa wazo la ngome alituambia hivi karibuni: "Mbona Songea imefaidi? Imetoa Waziri Mkuu, naye ni Kawawa. Emmanuel Nchimbi, aliyekuwa mbunge wa Songea Mjini tangu 2005 hata 2015, akawa Makamu wa Rais mwaka 2025." Twashukuru. Lakini mtu wa Mpitimbi au wa Muhukuru hatawaliwi na sifa ya mwana wa nchi aliyeko Dodoma. Anatawaliwa na mtendaji wa kijiji, na swali lake ni kama aweza kumwondoa mwenyekiti aliyekula michango ya zahanati. Kiti cha Songea Mjini kilipokuwa wazi, uchaguzi mdogo wa tarehe 13 Januari 2018 ulifanywa bila CHADEMA, waliokataa kushiriki, mtu akashinda, na siku ya pili yake wasemaji wakasema, "Mmeona? Ngome." Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanywa huku CHADEMA wamezuiwa kushiriki na mwenyekiti wao akiwa gerezani kwa shitaka la uhaini, mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, na katika miji mikubwa damu ikamwagika. Baada ya hayo, mtu aitazamaye asilimia kubwa na kusema "watu wametulia" hajui maana ya kutulia, au aijua na kuificha.

Jambo la wakurugenzi kusimamia uchaguzi lilipelekwa mahakamani na Bob Chacha Wangwe. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwatumia wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi ni kinyume cha Katiba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 yaipa Tume nafasi ya kuteua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa, lakini watakaoupita ni watumishi tena. Kwa uchaguzi wa vijiji na vitongoji, ambao ndio umgusao mwananchi zaidi, mambo yako kama yalivyokuwa chini ya TAMISEMI.

Basi twapeleka maoni haya mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, tukiomba yajadiliwe na kupigiwa kura, wala yasiwekwe katika shauri la "yatakayozuka". Chama kiiombe Serikali kwa maandishi kwamba usimamizi wa uchaguzi wa serikali za mitaa utoke mikononi mwa watumishi wa halmashauri na kukabidhiwa Tume. Hata kabla hilo halijakubaliwa, kila mwanachama atakayepangiwa kazi hiyo asikatae fomu ya mgombea yeyote bila kuandika sababu kwa mkono wake, na sababu hiyo ibandikwe ukutani pale pale ilipobandikwa orodha ya wagombea, na nakala ipelekwe kwa katibu wa chama chetu. Mwanachama akihamishwa kwa ajili ya kufanya hivyo, chama kimlipie mwanasheria. Mfuko wa kufiana na kuoana waweza kusubiri mwaka mmoja. Michango ya mwenge, ya mapokezi na ya sherehe za chama chochote isikusanywe kwa orodha ya mishahara. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, kama utaratibu utakavyo, hata kama mwenyekiti ana safari. Na neno "ngome" lisionekane tena katika barua, muhtasari au taarifa iliyochapwa na mwanachama wetu.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni siasa, na kwamba karani hana siasa. Twawauliza: fomu iliyokataliwa mwaka 2019 kwa sababu ya kukosa nukta, hiyo haikuwa siasa?

Uchaguzi ujao wa vijiji, vitongoji na mitaa ni wa mwaka 2029. Waraka wa kuwateua wasimamizi wasaidizi utafika mezani kwetu mapema kuliko siku hiyo, nasi ndio tutakaoupokea, kuusajili na kuuweka katika faili. Mwanachama mwenye hoja ya kutupinga na aandike. Ukurasa huu utampa nafasi sawa na tuliyoitumia sisi.